Sikio Halizoei Kelele

1. Mlango usio na kifuniko

Ukiamka alfajiri katika kijiji cha Nachingwea au cha Ruangwa, kabla jua halijapanda, yatege masikio yako. Utasikia jogoo akiwika, mchi ukigonga kinu, ufagio ukikwangua uwanja, na ndege wakilia katika mikorosho. Na kama ni majira ya mikorosho kutoa maua, utasikia pia mvumo mkali wa injini kutoka mashambani. Hao ni watu wanaopulizia mikorosho unga wa salfa, ili kuikinga na ugonjwa wa ubwiriunga. Huondoka mapema, umande ungalipo na upepo umetulia, na kila mmoja amebeba mashine mgongoni, injini yake karibu na kisogo. Jua likipanda, mashine ya kusaga nayo huanza, pikipiki hupita, na spika hufunguliwa madukani.

Sauti hizi zote, njema na mbaya, huingia kwetu kwa mlango mmoja, nao ni sikio. Jicho lina kope, na mtu asiyetaka kuona hulifumba. Kinywa kina midomo, na mtu asiyetaka kusema hukinyamazisha. Bali sikio halina kifuniko. Hata usiku tulalapo, sikio li wazi. Kwa hiyo imetupasa sisi wenyewe kuwa walinzi wa mlango huo, na mlinzi mwema hana budi kwanza kuijua nyumba anayoilinda.

2. Jinsi sikio lisikiavyo

Weka kidole chako polepole juu ya ngozi ya ngoma inayolia. Utahisi ngozi inatikisika. Ngozi ile huitikisa hewa iliyo karibu nayo, na hewa hiyo huitikisa hewa ya mbele yake, kama vile jiwe likitupwa katika dimbwi mawimbi huenea mpaka ukingoni. Mtikisiko huo wa hewa ndio sauti.

Sikio lina sehemu tatu. Ya kwanza ni sikio la nje, yaani hilo tunaloliona, pamoja na njia iingiayo kichwani. Mwisho wa njia hiyo pana utando mwembamba, nao huitwa ngoma ya sikio, kwa kuwa umewambwa kama ngozi ya ngoma. Sauti ikifika, utando hutikisika.

Sehemu ya pili ni sikio la kati. Humo mna mifupa mitatu midogo iliyoshikana. Wa kwanza huitwa nyundo, wa pili fuawe, na wa tatu kikuku, maana imefanana na vitu hivyo. Kikuku ni mfupa mdogo kuliko mifupa yote ya mwili. Kazi ya mifupa hii ni kuupokea mtikisiko wa ngoma ya sikio na kuupeleka ndani.

Sehemu ya tatu ni sikio la ndani. Hili limezungukwa na mfupa mgumu, na sehemu yake ya kusikia imejikunja mfano wa nyumba ya konokono. Ndani yake mna majimaji, na katika majimaji hayo zimo chembe zenye vinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Kikuku kikigonga, majimaji hutikisika, na vinywele hupinda na kuinuka kama majani ya mpunga yapitiwapo na upepo. Kila kinachopinda huipa chembe yake habari, na mshipa wa fahamu huipeleka habari hiyo kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu husema, “Nimesikia.”

Chembe hizo zimegawana kazi. Zilizo karibu na mlango wa nyumba ya konokono hupokea sauti nyembamba, kama ya ndege na ya mtoto. Zilizo ndani zaidi hupokea sauti nene, kama ya ngurumo. Katika kila sikio chembe zote ni kama 15,000 tu. Hiyo ndiyo akiba tunayozaliwa nayo, wala hatuongezewi nyingine.

3. Nyasi zilizokanyagwa

Mtu mmoja akipita juu ya nyasi, nyasi hulala, na baada ya muda huinuka tena. Bali watu wengi wakipita mahali pale pale kila siku, nyasi hufa, na pakawa njia nyeupe. Ndivyo vilivyo vinywele vya sikio. Sauti ya kiasi huvipindisha, navyo huinuka. Kelele kubwa huvilaza kwa nguvu. Kelele ikinyamaza upesi, vingi huinuka tena. Ikiwa kubwa mno, au ikidumu muda mrefu siku baada ya siku, huvunjika, na chembe zake zikafa.

Labda umepata kukaa karibu na spika katika sherehe ya usiku. Ulipotoka, masikio yalikuwa yakilia kama nyenje, na maneno ya watu uliyasikia kama yamefunikwa na pamba. Kulipokucha ukasikia vizuri, ukasema, “Nimepona.” Lakini mlio ule ulikuwa kilio cha chembe zilizoumia, na yamkini baadhi yao hazikupona.

Kuku amepewa bahati tusiyokuwa nayo. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba chembe za sikio la kuku na ndege wengine zikifa, nyingine huota mahali pake, na ndege husikia tena. Kwa mwanadamu sivyo. Chembe zetu zikifa, zimekufa. Wala haziumi zinapokufa, wala hazitoi damu, ili mtu ashtuke na kujihadhari.

4. Mzee wa mashine

Wako wazee wengi waliofanya kazi ya kusaga nafaka tangu ujana wao. Natumtazame mmoja, awe mfano wa wengi.

Aliingia katika kibanda cha mashine akiwa kijana mwenye nguvu. Kibanda kilikuwa na kuta za matofali, paa la bati, mlango mmoja na dirisha dogo. Sauti ya injini ilipiga ukuta ikarudi, ikapiga bati ikarudi. Siku za kwanza alitoka jioni masikio yakimlia. Akamwambia mwenye mashine, “Bwana, kelele hii itanimaliza.” Mwenye mashine akacheka, akamjibu, “Utazoea tu.” Na kweli, baada ya miezi kadhaa hakuiona kali tena. Akajisifu mbele ya wenzake, akisema, “Mimi nimezoea.”

Miaka ikapita. Kwanza zilimtoroka sauti za ndege, lakini hakutambua, maana ni nani ahesabuye ndege wasiolia? Kisha zikamtoroka herufi nyembamba za maneno, kama f, s, sh, ch na t. Mtu aliposema “fika”, yeye alisikia “shika”. Aliposikia “chatu” akaruka, kumbe mtu amesema “tatu”. Alijua kwamba watu wanasema, lakini hakupambanua wanasema nini. Akaanza kuwashutumu, “Mbona siku hizi mwanena chini chini? Mwaniteta?” Barazani wenzake walipocheka, naye alicheka, asijue wanachekea nini. Mwisho akaacha kwenda barazani.

Alikuwa na mjukuu wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita. Jioni moja mtoto alikuja na kitabu mkononi, akamwamkia kutoka nyuma, “Shikamoo, babu.” Mzee asijibu. Mtoto akazunguka akasimama mbele yake, “Shikamoo, babu!”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona waniamkia kimya kimya?”

Mtoto akaketi, akaanza kumsomea habari. Babu akasema, “Paza sauti.” Akapaza. “Paza tena.” Ndipo mtoto akasoma kwa sauti kuu, na mzee akayashika masikio yake kwa uchungu, akasema, “Usinipigie kelele! Mimi si kiziwi!”

Mtoto akafunga kitabu, machozi yakimlengalenga. Hakujua kwamba sikio lililoumizwa na kelele huwa hivyo: sauti ndogo halisikii, na sauti kubwa huliumiza. Mzee alipoyaona machozi yale, hasira ikamtoka. Akamvuta karibu, akasema, “Kosa si lako, mwanangu. Sauti ya baba yako naisikia, kwa kuwa ni nene. Yako wewe ni nyembamba, ndiyo iliyonipotea kwanza.”

Kesho yake mzee alikwenda mashineni. Alimkuta kijana anayemsaidia amesimama kando ya injini, masikio wazi. Akamwashiria atoke nje. Kijana akacheka, akasema kwa kupaza sauti, “Usihofu, mzee, nimezoea!” Mzee akamshika mkono, akampeleka mpaka chini ya mwembe, akamwambia, “Hata mimi nalizoea.”

Mwanafunzi, litafakari neno hilo. Sikio halizoei kelele. Mtu aonapo kwamba kelele haimsumbui tena, mara nyingi ni kwa sababu sikio lake limekwisha kufa kwa sehemu.

5. Mafundi wa Glasgow

Habari hii si ya nchi yetu peke yake. Zamani za meli za moshi, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, walikuwako mafundi waliotengeneza matangi makubwa ya chuma ya kuchemshia maji. Wengine walisimama nje wakigonga misumari ya chuma kwa nyundo, na wengine waliingia ndani ya tangi wakiishikilia. Fikiri sauti ya nyundo kwa mtu aliye ndani ya tangi la chuma!

Katika mwaka 1886 daktari mmoja wa masikio, jina lake Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 wa kazi hiyo. Hakumwona hata mmoja ambaye usikivu wake ulikuwa mkamilifu. Watu wa mji walijua tangu zamani kwamba mafundi hao huwa viziwi, wakadhani ni desturi ya kazi. Daktari huyo alionyesha kwamba ni madhara yanayoweza kupimwa. Na jambo liwezalo kupimwa laweza pia kuzuiwa.

6. Kelele ilivyoingia Nachingwea na Ruangwa

Hapo kale sauti kubwa za nchi hizi zilikuwa ngurumo za masika, ngoma za jando na unyago, na nyundo ya mhunzi. Ngoma nayo yaweza kumdhuru mtu akaaye karibu nayo mno, lakini ngoma ina majira yake, ikiisha watu hulala.

Mashine haichoki. Katika mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta na matingatinga yakaja kung'oa mapori, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mpango ule ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa baadaye. Lakini injini hazikuondoka duniani. Leo zimo katika mashine za kusaga, katika mashine za salfa, katika pikipiki na jenereta. Katika wilaya ya Ruangwa, ambako kuna dhahabu na madini ya kinywe, zimo pia katika mashine za kupondea mawe ziitwazo makarasha.

Wala si injini tu. Timu ya Namungo ichezapo katika Uwanja wa Majaliwa huko Ruangwa, mashabiki hupuliza vuvuzela, na vuvuzela likipulizwa karibu na kichwa cha mtu hupita kipimo cha hatari kwa mbali sana. Tena vijana wengi hutia masikioni vidude vya kusikilizia muziki wa simu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba vijana zaidi ya 1,000,000,000 ulimwenguni wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi.

7. Vipimo vya kelele

Kama urefu upimwavyo kwa mita na uzito kwa kilo, sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kelele ikifika 85 hatari huanza. Angalia sana: desibeli 88 si kelele ya 85 iliyoongezeka kidogo tu. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu, na muda wa kuistahimili hupungua kwa nusu. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi ilitoa shauri hili mwaka 1998, kwamba mtu asizidishe muda huu kwa siku:

Desibeli 85: muda wa saa nane.
Desibeli 88: muda wa saa nne.
Desibeli 91: muda wa saa mbili.
Desibeli 94: muda wa saa moja.
Desibeli 97: muda wa dakika 30.
Desibeli 100: muda wa dakika 15.

Mashine yenye injini ibebwayo mgongoni hupita desibeli 90 kwa urahisi, na hesabu hii yatuonyesha kwamba asubuhi moja ya kazi, bila kinga, ni ndefu mno.

Pengine utasema, “Sisi hatuna chombo cha kupimia.” Unacho. Simama mbali na mwenzako kadiri ya hatua moja, mseme kwa sauti ya kawaida. Kama hamwezi kusikilizana ila kwa kupiga kelele, jueni kwamba mahali hapo pana hatari.

8. Kinga tatu

Kinga ya kwanza ni umbali. Mahali palipo wazi, ukiuzidisha umbali wako na kelele mara mbili, nguvu ya kelele inayokufikia hubaki robo tu. Basi ukitumwa mashineni, weka debe lako kwenye foleni, kisha ukangoje nje chini ya mti. Na ukimwona mama amesimama ndani ya kibanda na mtoto mchanga mgongoni, mwambie kwa adabu, “Mama, mpeleke mtoto nje, mimi nitakushikia nafasi yako.” Mtoto yule hawezi kujiondoa mwenyewe, wala hawezi kusema kwamba sikio lake laumia.

Kinga ya pili ni muda. Wafanyao kazi ya kelele na wapokezane, na kila mmoja apate kupumzika mahali pa kimya. Ukisikiliza muziki kwa vidude vya masikioni, usipandishe sauti kupita sehemu sita katika kumi, tena uvitoe mara kwa mara.

Kinga ya tatu ni kuyafunika masikio. Viko vizibo laini vya kutia katika tundu la sikio, na viko vifuniko vya kuvaa kama kofia. Mpulizaji wa salfa hufunika pua na macho, nayo ni desturi njema. Na ayafunike masikio pia. Pamba tupu haitoshi, maana sauti hupenya. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na madhara ya kazi. Kwa hiyo kijana aombaye kinga haombi hisani.

Na waliokwisha kupoteza usikivu tuwatendeje? Viko vifaa vya kusikilizia vinavyokuza sauti, navyo huwafaa wengi, ijapokuwa haviwezi kuzifufua chembe zilizokufa. Bali kila mmoja wetu aweza kusaidia bila gharama. Simama mbele ya mzee, penye nuru, aione midomo yako. Sema polepole na kwa uwazi, wala usimpigie kelele. Asiposikia, usiseme “basi, si kitu”, maana neno hilo humtoa mtu barazani kabla ya siku zake. Rudia.

Wahenga walisema, “Sikio la kufa halisikii dawa.” Walimnena mtu mkaidi asiyeonyeka. Lakini katika jambo hili maneno yao ni kweli kama yalivyo: sikio likifa kwa kelele, dawa ya kulifufua haijapatikana. Yafaa basi tulitunze lingali hai, ili siku nasi tutakapokuwa wazee, tuisikie shikamoo ya wajukuu zetu.

MASWALI

1. Kwa nini sikio lahitaji ulinzi kuliko jicho?
2. Taja mifupa mitatu ya sikio la kati, ueleze kazi yake.
3. Eleza jinsi nyasi zikanyagwazo zinavyofanana na vinywele vya sikio.
4. Kwa nini mzee aliisikia sauti ya mwanawe, asiisikie ya mjukuu wake?
5. Mzee alikuwa na maana gani aliposema, “Hata mimi nalizoea”?
6. Mtu afanya kazi penye kelele ya desibeli 94 kwa muda wa saa nne kila siku. Amezidisha muda ulioshauriwa mara ngapi?
7. Andika majina ya sauti zote uzisikiazo kuanzia kuamka hata kulala. Tia alama penye sauti zinazowalazimisha watu kupiga kelele ili wasikilizane, ueleze jinsi utakavyojikinga na kila moja.

MANENO

Fuawe: chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake.
Kikuku: chuma cha kuwekea mguu mtu apandapo farasi.
Kinywe: madini meusi laini, ndiyo yatumikayo katika kalamu za risasi.
Kupambanua: kutofautisha kitu na kingine.
Nyenje: mdudu aliaye kwa sauti nyembamba bila kukoma.
Ubwiriunga: ugonjwa wa mikorosho unaofanya maua na majani machanga yaonekane kama yamepakwa unga.